Madaraka Yako Kindu, Mfuko Uko Kinshasa

 Leo naomba tuzungumze juu ya utawala: nani ana haki ya kuamua, nani ana kazi ya kutenda, na nani anashika fedha. Kwetu Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kila moja kati ya hayo matatu linakaa kwa mtu wake, na watu hao hawakai mji mmoja.

Chukueni daraja moja la miti, la aina tunayoijua sote, kwenye njia ya kutoka vijiji vya Kabambare kuja Kasongo. Mvua imenyesha siku tatu. Mbao mbili zimekwenda na maji, na gogo la katikati limeoza hadi ukiligusa kwa fimbo linameguka. Mwenye baiskeli ameshusha magunia yake ya mchele, anavusha moja moja kwa bega, kisha anarudi kuvusha baiskeli. Vijana wa kijiji waliolaza matawi ili watu wapite wanadai chochote. Akisonga mbele kidogo anakuta bariera, na kwenye bariera kuna meza, na nyuma ya meza kuna watu wa idara zaidi ya moja, kila mmoja na daftari lake. Analipa. Pengine anapewa risiti, pengine hapewi. Mtu huyu ametoa fedha mara nyingi kabla hajauza hata kilo moja, na daraja linabaki vile vile.

Sasa aulize: daraja hili ni la nani? Shefu wa sekta atamwambia hana fedha, aende teritwari. Administrata wa teritwari atamwambia ripoti imekwisha kupelekwa Kindu, makao makuu ya jimbo. Kindu, ukibahatika kufika, maana ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo, utaambiwa barabara hiyo inangoja fedha za Kinshasa. Na Kinshasa itakujibu kwamba tangu 2006 nchi imegawa madaraka, mambo ya jimbo yaulizwe jimboni. Hakuna hata mmoja hapo aliyesema uongo. Kila mmoja amesema kweli kwa sehemu yake, na mwenye baiskeli amerudi palepale alipoanzia.

Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 haikusema kwamba Kongo ni shirikisho. Lakini pia haikutaka kuturudisha kwenye utawala ule ambao gavana alikuwa mtumishi wa kutumwa, leo hapa, kesho kule, kwa neno la mtu mmoja. Iligawa kazi. Ibara ya 202 inataja mambo ya serikali kuu peke yake: jeshi, polisi ya taifa, fedha za nchi, forodha na mengine. Ibara ya 204 inataja mambo ya jimbo peke yake: shule kuanzia chekechea hadi sekondari, kwa kufuata kanuni za taifa, kazi za ujenzi zenye faida kwa jimbo na kwa vijiji vyake, watumishi wa jimbo, kodi na ushuru wa jimbo, programu za kilimo. Katikati, ibara ya 203 inataja yale ambayo wote wawili wana mkono.

Kisha inakuja ibara ya 205, ambayo watu wachache huitaja, nami naona ndiyo iliyobeba uzito wa mazungumzo yetu. Inasema Bunge la taifa na Seneti wanaweza, kwa sheria, kulipatia bunge la jimbo idhini ya kutunga sheria zake juu ya jambo ambalo ni la serikali kuu. Na bunge la jimbo nalo linaweza kufanya hivyo hivyo kwa upande wake, kuikabidhi Kinshasa jambo lake. Wamefikiria hata mwisho wa idhini hiyo: ikiondolewa, sheria ambazo jimbo lilikuwa limetunga hazianguki siku hiyo hiyo, zinaendelea kutumika humo jimboni mpaka sheria ya taifa ishike nafasi yake. Ibara ya 206 inaongeza kwamba serikali ya jimbo, kwa kutumia idara zake, ndiyo inayotekeleza sheria na kanuni za taifa, isipokuwa sheria ya taifa iwe imesema vingine.

Kwa hiyo waandishi wa Katiba walijua kwamba kazi inaweza kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, wakataka ihame kwa maandishi, kwa kura, hadharani. Kwetu kazi zinahama kwa simu. Zinahama kwa barua ya ofisi ambayo mwananchi haioni. Waziri anatua na ndege asubuhi, anatamka neno kwenye kiwanja, jioni hayupo, na kuanzia siku hiyo idara moja inajiona imepewa kazi na nyingine inajiona imenyang'anywa.

Hata ofisi iliyo karibu nasi zaidi imekaa katika hali hiyo. Administrata wa teritwari anateuliwa na Rais wa Jamhuri. Anaiwakilisha serikali kuu, na analiwakilisha jimbo pia. Lakini teritwari yenyewe, iwe Kasongo au Kabambare, haimo kwenye orodha ya ibara ya 3. Ibara hiyo inaipa nafsi ya kisheria miji, komini, sekta, na milki za mashefu wa jadi. Maana yake, ofisi ambayo sisi sote tunaikimbilia mtu akiuawa, daraja likivunjika au wakimbizi wakifika, haina baraza lake la kuchaguliwa wala bajeti inayojitegemea. Na sekta, ambayo kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inatakiwa kuwa na baraza na bajeti, haijawahi kulichagua baraza hilo. Desemba 2023 tulipiga kura za rais na wabunge, na madiwani wakachaguliwa kwenye komini chache tu za nchi. Sekta zetu hazikuguswa.

Twende kwenye fedha. Ibara ya 175 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka humo, na inasema fedha hizo zikatwe palepale zinapoingia. Hizo ndizo tunazoziita retrosesioni, na jina hilo limetuzoesha kuamini kwamba ni lazima fedha ziende Kinshasa kwanza ndipo zirudi. Katiba haikusema hivyo. Kwa vitendo, zinapanda zote, kisha inashuka sehemu, na inashuka siku inayotaka. Gavana anapanga bajeti kwa asilimia 40, anaendesha jimbo kwa zile zilizofika. Kuna pia ibara ya 181, inayoanzisha mfuko wa kusawazisha majimbo, wenye asilimia 10 ya mapato yote ya taifa, ili jimbo lililo nyuma kama letu lisibaki nyuma. Sheria ya kuupanga mfuko huo ilitoka Novemba 2016. Katiba ilikuwa na umri wa miaka kumi.

Wazee wa Kasongo hawahitaji mimi niwakumbushe kwamba mji huu uliwahi kuonja cheo kisicho na nguvu. Februari 1887, kule Unguja, Henry Morton Stanley alitia saini mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tippu Tip, ambaye Kasongo ilikuwa makao yake makubwa, akafanywa liwali wa Maporomoko ya Stanley, Kisangani ya leo. Alipewa mshahara, akapewa bendera ya kupandisha, na afisa wa Dola ya Leopold huku Kongo akawekwa karibu naye. Simpambi mtu huyo; biashara yake iliwavunja mababu wa wengi wanaonisikiliza. Ninachoangalia ni ule mkataba. Leopold alikuwa anampa madaraka juu ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na askari wa kuishika, na Tippu Tip alipokea amri ambazo watu wake wa Nyangwe na Kasongo hawakuwahi kuulizwa juu yake. Mwaka 1890 akarudi pwani. Maafisa wawili wa Dola waliowekwa Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa vita vilipowaka 1892, na Aprili 1893 jeshi la Dola, chini ya afisa wake Dhanis, likaingia mjini. Baada yake Kabambare nayo ikaanguka. Cheo kilikuwa kimeandikwa vizuri kwenye karatasi, wala hakikumzuia yeyote kufa.

Lakini sitaki mfikiri kwamba karatasi haina maana. Tutazame jirani zetu wa Kenya. Wao, kwa Katiba ya 2010, waligawa nchi katika kaunti 47, na ibara yao ya 187 inaruhusu serikali moja kuihamishia nyingine kazi yake kwa makubaliano. Tarehe 25 Februari 2020, gavana wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, alitia saini hati ya kuikabidhi serikali kuu kazi nne: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya maendeleo. Ikaundwa idara mpya ya kuendesha jiji, ikaongozwa na Meja Jenerali Mohammed Badi. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Gavana alikataa kutia saini bajeti ya kuipa idara hiyo fedha, kesi zikafika mahakamani, na Desemba mwaka huo yeye mwenyewe akang'olewa madarakani. Mtu anaweza kusema mpango ule ulikuwa mbaya, nami sina ugomvi naye. Ila mkazi wa Nairobi alijua siku ambayo takataka za mtaa wake ziliacha kuwa kazi ya kaunti. Alijua jina la aliyezipokea. Alijua muda utakapokwisha, na Septemba 2022 kazi zile zikarudishwa kwa kaunti. Na ibara ile ile ya 187 inasema kwamba hata kazi ikihamishwa, wajibu wa kikatiba unabaki kwa yule aliyekuwa nao mwanzo. Mkazi wa Kasongo akitaka kujua ni lini barabara yake iliacha kuwa ya fulani ikawa ya fulani, atafungua gazeti gani la serikali?

Sasa niwaambie jambo linalonipa fahari. Mahali ambapo Kongo ilijifunza kukabidhi madaraka kwa njia inayofanya kazi ni hapa hapa Kasongo, tena si katika siasa. Ni hospitalini.

Kuanzia 1971, madaktari wa Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Antwerpen, wakiwa pamoja na waganga na wauguzi wa hapa, walianza kile kilichojulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Tatizo lao lilikuwa hili letu: daktari yuko mmoja au wawili, wako mjini, na wagonjwa wako vijijini, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Ukimlazimisha kila mgonjwa amwone daktari, wengi watafia njiani. Ukimwambia muuguzi wa kijiji afanye anavyojua, utaua kwa namna nyingine. Walichofanya ni kujenga vituo vya afya na kumkabidhi muuguzi haki ya kuamua, ila kwa maandishi: ukiona dalili hii, uliza hili, ukipata jibu hili, toa dawa hii, ukipata jibu lile, mpeleke hospitali. Dawa zilimfikia muuguzi yule. Msimamizi alikuja kumwona, akafungua daftari lake, wakajadili makosa. Watu wa kijiji walikaa na muuguzi kuzungumzia kituo chao. Na hospitali ilijua wazi kwamba aliyeletwa na kituo ni lazima apokewe.

Tazameni ustadi uliomo ndani ya jambo hilo. Muuguzi hakupewa madaraka yote, alipewa yale aliyoweza kuyabeba, na mpaka wake ukaandikwa. Aliyempa madaraka hakukaa kimya mjini akingoja kumlaumu. Matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo yalichapishwa 1981 katika jarida la The Lancet la Uingereza na kujadiliwa na mabingwa wa dunia nzima. Na serikali ya Zaire ilipoamua miaka ile ya themanini kuigawa nchi nzima katika zoni za afya, Kasongo ilikuwa miongoni mwa mifano iliyotazamwa. Leo mama wa Salamabila au wa Samba akitaja zoni yake ya afya, anataja mpango ambao mji wetu ulisaidia kuuzaa. Kwa nini basi daraja lisitawaliwe kwa akili ile ile iliyozuia surua?

Nimetaja Salamabila, na siwezi kuipita. Hapo, katika teritwari ya Kabambare, kuna dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa 2016. Kibali cha kuchimba hutolewa Kinshasa, na sheria ya madini hutungwa Kinshasa. Sawa, Katiba ndivyo ilivyopanga. Walinzi wa amani, yaani jeshi na polisi, nao ni wa Kinshasa. Lakini wakati wapiganaji wa Mai-Mai Malaika walipokuwa wakishambulia na kuteka wafanyakazi, na vijana wa huko wakilia kwamba mashimo ya baba zao yamezungushiwa uzio bila wao kupata kazi, aliyebishiwa hodi usiku alikuwa shefu wa kijiji. Hakuwa na askari. Hakuwa na sauti kwenye mkataba. Mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Waliobaki na hasara ya miaka ile, na makaburi, ni watu wa Kabambare.

Hata hivyo sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 iliweka jambo ambalo kila mtu wa Kabambare anapaswa kulijua kama anavyojua jina la mama yake. Mrabaha unaolipwa na mchimbaji mkubwa, ambao kwa dhahabu ni asilimia 3.5, unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta au milki ya shefu ambamo mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Na sehemu ya jimbo na ile ya sekta hailazimiki kupitia Kinshasa. Mchimbaji anailipa moja kwa moja kwenye akaunti iliyotajwa na jimbo na akaunti iliyotajwa na sekta. Zaidi ya hapo, kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Hapa, angalau mara moja, kisheria mfuko umefuata madaraka hadi kijijini. Sasa nauliza: sekta isiyo na baraza la kuchaguliwa, nani anakaa na shefu kusoma karatasi za benki? Nani anajua kiasi gani kiliingia mwezi ule mgodi ulipokuwa ukifanya kazi? Sisemi kuna aliyeiba. Nasema mtu mmoja hapaswi kuachwa peke yake na fedha za umma, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Upande wa pili tumeuona mpango wa maendeleo wa teritwari 145, ambao serikali kuu iliuanzisha kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala nchi nzima. Nafurahia kila darasa lenye bati. Mtoto aliyenyeshewa mvua akiandika haulizi ibara ya 204. Ila sisi wakubwa tunapaswa kuuliza. Shule ya msingi Katiba imeiweka mikononi mwa jimbo. Kandarasi imesimamiwa na mashirika yaliyochaguliwa Kinshasa. Mwalimu naye analipwa kwa orodha inayotunzwa Kinshasa, na tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa bure, jina lisilokuwamo kwenye orodha hiyo halina mshahara wala haliruhusiwi kudai kitu kwa mzazi. Mwalimu wa kijijini Kabambare ambaye jina lake halimo analalamika kwa nani? Ofisi ya elimu iko Kasongo, waziri wa elimu wa jimbo yuko Kindu, orodha iko Kinshasa. Kama serikali kuu inaona jimbo halijaweza kujenga shule na kulipa walimu, basi ibara ya 205 ipo. Bunge la jimbo lijadili, likubali au likatae, liandike ni kazi gani inakabidhiwa, kwa muda gani, na itarudi na nini. Hapo gavana hataweza kusema haimhusu, na Kinshasa haitaweza kusema si kazi yake.

Najua kuna atakayesema majimbo hayajakomaa, wabunge wa jimbo wanapenda kuangusha magavana kuliko kusoma bajeti. Kuna kweli humo, na tumeona vurugu hizo Kindu. Lakini marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yalikwisha kumpa Rais uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana mgogoro ukiwa mzito na wa kudumu. Fimbo Kinshasa inayo. Kisichokuwepo ni kile walichokuwa nacho wauguzi wa Kasongo: dawa mkononi, mpaka ulioandikwa, na mkubwa anayekuja kusoma daftari.

Ndugu zangu, kikao cha bajeti cha bunge la jimbo hufunguliwa mwezi wa Septemba. Kasongo ina wabunge wake mle, Kabambare ina wake, na wengi wao hupita hapa mjini kabla ya kwenda. Wakipita, tusiwaombe fulana. Tuwaombe watusomee mistari michache ya bajeti kwa sauti: barabara ya Kasongo na Kabambare imeandikwa kwa nani, kwa jimbo au kwa serikali kuu? Retrosesioni ya mwaka uliopita, kiasi kilichoandikwa ni kipi na kilichofika ni kipi? Ile asilimia 15 ya sekta yenye mgodi wa Namoya, akaunti ni ya benki gani na nani wanatia saini? Na yule mwenye baiskeli kwenye bariera naye ana haki yake: tangu tarehe 13 Machi 2018 ipo orodha ya kitaifa ya kodi na ushuru wote ambao jimbo na sekta wanaruhusiwa kudai. Anayemdai fedha amwonyeshe ushuru huo umo wapi katika orodha, kisha aandike risiti, na kwenye risiti aandike jina la ofisi inayopokea.